Baladi za Miaka ya Themanini na Koo Langu: Niliyojifunza Nikiimba Hotelini Diani

Ukienda kujaribiwa sauti na bendi ya hotelini huku Pwani ya Kenya, usiumize kichwa na nyimbo za kumkaribisha mgeni. Hizo unazijua, nami nilizijua. Kazi yenyewe iko kwenye karatasi utakayopewa ukishakubaliwa. Karibu nusu ya karatasi yangu ilikuwa baladi za roki za miaka ya themanini: Foreigner, Heart, Journey, Air Supply, Bonnie Tyler, Jennifer Rush. Ni zile nyimbo zinazoanza na kinanda peke yake na mtu anayeimba kama anajisemea, halafu zinapanda, zinapanda, mpaka mwimbaji anapiga ukelele na gita linalia nyuma yake. Nilizijua kwa kuzisikia redioni. Kuziimba mbele za watu usiku baada ya usiku ni habari nyingine kabisa. Ninaandika kwa sababu kila msimu naona wasichana wenye sauti nzuri kuliko yangu wakianza kazi hii Oktoba, na ikifika Januari hawana hata sauti ya kuagizia chai.

Mimi nililelewa kwenye kwaya ya kanisa Changamwe, upande wa alto, ile sauti ya chini ya kike. Baadaye nikaimba harusini, rumba na zouk na za injili, popote palipokuwa na malipo. Aliyenichukua Diani alikuwa mpiga kibodi na kiongozi wa bendi, mzee ambaye bendi nzima ilimwita Mwalimu. Alipiga kwenye mahoteli tangu enzi za ndege za kukodi zilizokuwa zikishusha Wajerumani Mombasa kila wiki. Baladi hizi alizijua zikiwa bado mpya, mgeni akija na kaseti yake na kumwomba, "Unaweza kuupiga huu?"

Kwangu zilikuwa kelele za watu wenye nywele ndefu. Mwalimu hakubishana. Alinivalisha spika za masikioni, akaweka wimbo wa Foreigner wa 1984, "I Want to Know What Love Is", akaniambia nimwambie ni wakati gani naanza kusisimka. Nikangoja. Kinanda kinatambaa, Lou Gramm anaimba taratibu kama mtu aliyechoka na safari, dramu zimejizuia. Unapita ubeti, kinapita kipande cha kupandia, kinakuja kiitikio na bado mtu hajamwaga kila kitu. Kisha inafunguka kwaya, na hapo nikamwinulia Mwalimu mkono. Ile ni kwaya ya injili hasa, New Jersey Mass Choir, iliyoitwa studio kuimba na bendi ya roki, na wimbo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani mapema 1985. Nilijua kinachofanyika pale. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kanisani Jumapili: mtu mmoja anaungama kwa sauti ndogo, kisha kanisa zima linamwitikia.

"Mwanangu," Mwalimu aliniambia, "ukianzia huko juu, kwenye kiitikio utakwenda wapi?"

Basi hilo ndilo somo lenyewe, na yote niliyojifunza baadaye kuhusu nyimbo hizi yalitoka humo. Watu wanadhani utamu uko kwenye ukelele. Ukelele bila kile kizuizi cha dakika tatu za mwanzo ni mtu anayepiga kelele tu. Nimewahi kuona mwimbaji akiingia kwa nguvu zote kuanzia mstari wa kwanza. Wageni walimtazama kwa adabu, wakarudi kwenye samaki wao, na kiitikio kilipofika hakuna aliyejua kwamba ni kiitikio.

Zana zilizotengeneza mlio ule nazo zina historia, na inafaa mwanabendi aijue kwa sababu nusu ya shida zetu jukwaani zilitoka hapo. Chukua dramu. Mwaka 1980, kwenye studio ya Townhouse mjini London, Phil Collins alikuwa akimpigia Peter Gabriel dramu, na Hugh Padgham akiwa fundi wa mitambo. Mlio wa dramu ulipita kwenye maiki ya mawasiliano, ile ya fundi kuwasikia wanamuziki wakizungumza, iliyokuwa ikibana sauti vikali, wakaupenda, wakautengenezea mfumo: mwangwi mkubwa unaokatwa ghafla kabla haujafifia. Mwaka uliofuata Collins akautumia kwenye "In the Air Tonight", wimbo ambao dramu zake kubwa haziingii mpaka zimepita dakika tatu na zaidi. Baada ya hapo kila studio ikautaka mlio ule, na baladi zikapata mlango wao: unajua ni pale dramu zinapoingia ndipo wimbo umeamua.

Sasa chukua mlio huo uupeleke chini ya paa la makuti mita chache kutoka baharini. Makuti hayarudishi mwangwi. Yanaumeza. Mpiga dramu wetu alikuwa akipiga ngoma ya mtego, ile ndogo inayoitwa snare, kwa mkono wote na kinachotoka ni mlio mkavu wa kugonga kreti la soda, na upepo wa kaskazi unauchukua huohuo kidogo uliobaki. Akaongeza nguvu. Alipoongeza nguvu, gita likapanda ili lisikike, na mimi nikapanda juu ya gita. Hivyo ndivyo koo zinavyokufa mahotelini: hakuna anayekusudia, kila mtu anajitafutia nafasi ya kusikika, na mwenye chombo kisichokuwa na kitufe cha kuongezea sauti ni mwimbaji.

Dawa tuliyoipata baadaye haikuwa ghali. Mpiga dramu aliazima pedi ya umeme akaiweka kando ya ngoma ya mtego, ikiwa na mlio ule wa kukatwa, na akaigusa kwenye viitikio tu. Spika moja ikageuzwa kunitazama mimi ili nijisikie. Kama unaingia kwenye bendi mpya, kabla hujauliza malipo uliza spika ya mwimbaji iko wapi. Wakikwambia ipo inatengenezwa, jua utaimba kwa kubahatisha.

Kibodi ilikuwa na afadhali. Yamaha walitoa DX7 mwaka 1983, na ule mlio wake wa kinanda cha umeme, unaometa kama kijiko kwenye glasi, ulipakwa kwenye baladi zisizo na idadi miaka ile. Kibodi yoyote ya bei nafuu leo ina mwigo wake. Mwalimu alikuwa akiubonyeza nota mbili tu na meza za nyuma zinageuka. Hawajui wamesikia nini. Wanajua umri wao tu.

Kimo cha wimbo ndicho kitu kilichonitesa kuliko vyote, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ushauri unaopewa kila mahali ni kwamba wimbo ukikushinda ushushe. Sawa. Lakini baladi hizi ni pana. "The Power of Love" ya Jennifer Rush inaanzia chini, kifuani, na inaishia juu ya kichwa. Ukiushusha ili ukipate kiitikio, ubeti unazama ardhini na unaanza kuimba pumzi tupu. Ukiupandisha ili ubeti usikike, kiitikio kinakukaba. Tulikaa mazoezini tukiuhamisha huku na huku kama watu wanaopitisha kitanda mlangoni. Mwishowe Mwalimu akasema tuweke kimo cha ubeti, kwa sababu ubeti ni wangu peke yangu, na kiitikio tugawane: mpiga besi, ambaye ana sauti nyembamba nzuri, aishike ile ya juu, nami nishike ya kati. Wageni hawakugundua lolote, kwa maana kiitikio wanakiimba wenyewe na hawakusikilizi.

"Alone" ya Heart ni mnyama mwingine. Bendi ile ilifika nayo nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1987, na Ann Wilson ana koo ambalo Mungu hakuligawa kwa wengi. Ubeti wake unanong'ona, halafu kiitikio kinaruka ghafla bila ngazi. Tuliushusha hatua mbili, na hata hivyo nikajiwekea sharti: hauimbwi kabla seti ya kwanza, yaani zamu ya nyimbo kabla ya mapumziko, haijaisha, na hauimbwi siku mbili mfululizo. Kwa upande mwingine, baadhi ya nyimbo za wanaume zilinikaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Steve Perry, mwimbaji wa Journey miaka ile, anaimba juu kiasi kwamba mwanamke wa alto anaweza kuichukua "Open Arms" karibu palepale ilipo. Wimbo huo ulifika nafasi ya pili Marekani mwaka 1982, na bila mwimbaji kuutumia vibaya ni wa mapumziko kwa koo. Kwa hiyo ukipewa karatasi, usianze na za wanawake kwa kuwa u mwanamke. Pitia za wanaume kwanza.

Kuhusu maiki nitasema machache. Ubeti, midomo ikaribie mpaka karibu kuigusa, sauti inanenepa yenyewe na huna haja ya kuisukuma. Ukelele, rudi nyuma urefu wa kiwiko. Nilikuwa nikiona waimbaji wakifanya hivyo kwenye runinga nikidhani ni mbwembwe.

Msimu wangu wa kwanza wa Desemba sauti ilikatika.

Haikukatika jukwaani kwa kishindo. Ilianza asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, namwita kondakta wa matatu nikasikia sauti ya mtu mwingine. Nikadhani ni mafua ya upepo. Usiku nikaimba. Siku iliyofuata nota za kati zikawa na shimo: naanza mstari, katikati inatoka hewa tupu, kisha sauti inarudi. Pwani ukisema koo linauma unapata madaktari mia. Nilipewa tangawizi na asali, nikapewa karafuu za kutafuna, nikaambiwa yai bichi, na mama mmoja wa jikoni hotelini akaniletea ndimu na chumvi kila jioni kwa huruma ambayo sitaisahau. Vyote hivyo vinateremka njia ya chakula, na nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Kinywaji cha moto kinakutuliza, hilo ni kweli, lakini hakiufikii uzi wenyewe. Mvuke ndio unaofika, na maji ya kawaida unayokunywa tangu asubuhi husaidia kwa kupitia mwilini.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera nyembamba puani, akanionyesha kwenye kioo chake: nyuzi mbili, na kwenye kila moja uvimbe mdogo unaotazamana na mwenzake. Vinundu. Vinatokana na nyuzi kugongana kwa nguvu mara nyingi mno, kama sugu ya mkononi. Hiyo ziara, pamoja na kamera, ilinitoa pesa kuliko kodi ya nyumba yangu ya mwezi. Lakini gharama kubwa haikuwa hiyo. Gharama kubwa ilikuwa kukaa kimya, kwa sababu bendi ya hotelini inalipwa kwa usiku, na mwimbaji asiyeimba halipwi. Mkataba wetu haukuwa na neno hata moja juu ya ugonjwa. Meneja alisikitika sana, akasikitika kwa dhati, na malipo hayakuja. Kabla ya kutia saini uliza mambo mawili: ukiugua nani anakushikia nafasi, na je, nafasi ni yako ukirudi? Kama jibu ni la mdomo, omba liandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu.

Kukaa kimya ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Nilijifariji kwa kunong'ona, mpaka mtaalamu wa sauti niliyepelekwa kwake akaniambia kunong'ona kwa kukaza kunachosha nyuzi vilevile, na afadhali niseme kidogo kwa sauti laini ya kawaida kuliko kunong'ona kutwa. Akanikataza na kukohoa-kohoa ili kusafisha koo, tabia ambayo waimbaji wote tunayo. Meza mate, au kunywa funda la maji. Akanikataza kula usiku wa manane na kulala papo hapo, maana asidi ya tumbo inapanda inachoma koo mtu akiwa amelala. Ukiimba hotelini chakula chako cha usiku unakipata saa sita, baada ya seti, tena ni mabaki ya bufee yenye mafuta. Nikaanza kula kabla ya kazi na kurudi nyumbani na ndizi.

Watu walinitia moyo kwa habari ya Bonnie Tyler. Ni kweli, mwanamke yule wa Wales alifanyiwa upasuaji wa vinundu miaka ya sabini, sauti ikabaki na mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ikamfanya ajulikane dunia nzima. "Utatoka na sauti yake!" mpiga gita aliniambia, akidhani ananisaidia. Usiitamani habari hiyo. Aliyetoka na mikwaruzo akapata umaarufu tunamjua kwa jina, na waliotoka na mikwaruzo wakarudi kushona nguo hatuwajui. Mimi vyangu viliisha bila kisu, kwa kimya na mazoezi ya kupumulia tumbo ambayo yalinichosha akili kuliko mwili, na kwa kurudi kazini polepole, nyimbo chache, seti moja.

Kukaa kimya huko ndiko kulinifanya nizisikilize nyimbo hizi kama msikilizaji. Nilikuwa nakwenda kukaa meza ya nyuma na soda, mtu mwingine akiimba, natazama watu. Wageni kutoka Uingereza na Ujerumani walizipokea kwa kicheko. Wanazipenda, wanaimba kila neno, lakini wanaimba huku wanatazamana na kutaniana, mmoja ameshika chupa kama maiki. Kisha ikaja wiki ya Krismasi, hoteli ikajaa watu wa Nairobi, Nakuru na Eldoret, wenye watoto na mama zao. Wimbo uleule ukaanza. Hawakucheka. Mwanamume wa makamo, mwenye kitambi na saa kubwa, alifumba macho, mkono kifuani, akaimba "Total Eclipse of the Heart" kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na mkewe hakushangaa hata kidogo.

Nilikaa nikijiuliza tofauti inatoka wapi. Jibu nililolipata ni la kwangu, likatae ukitaka. Kule kwao nyimbo hizi zilikuja na picha. Kituo cha MTV kilianza Agosti 1981, na baladi zikauzwa kwa video: moshi, mishumaa, nywele, mapazia yanayopepea. Mimi video ya wimbo huo wa Bonnie Tyler niliiona mtandaoni nikiwa nimeshauimba muda mrefu. Ilipigwa kwenye jumba la zamani la Holloway Sanatorium, huko Surrey, na ndani yake mna wavulana wa kwaya wenye macho yanayowaka, mna watu wa ninja, mna wacheza sarakasi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jim Steinman aliyeutunga alikuwa mtu wa maigizo ya jukwaani, na mwenyewe alisema wimbo ule ulianzia kwenye wazo la hadithi ya mazimwi wanyonya damu. Ukishaona hayo, huwezi tena kuusikia kwa uso mkavu.

Huku kwetu wengi hawakuyaona. Zilikuja kwa redio. Muulize Mkenya yeyote aliyekua kabla ya simu za mkononi habari za kipindi cha Sundowner cha idhaa ya Kiingereza ya KBC, uone uso wake. Jioni, baba amerudi kazini, chakula kiko motoni, na kutoka kwenye redio ya betri inatoka sauti ya mtu asiyeonekana anayelilia mapenzi bila haya. Hakuna nywele, hakuna moshi. Inabaki sauti na lile jambo analolisema. Na jambo lenyewe, katika nyumba ambamo baba na mama hawakuwahi kutamkiana "nakupenda" mbele ya watoto, lilikuwa zito. Yule bwana wa saa kubwa nadhani hakuwa akimkumbuka Bonnie Tyler. Alikuwa sebuleni kwao.

Kuna na jambo jingine ambalo wenzangu wa bara huwa hawalioni kwa haraka. Mtu wa Pwani aliyelelewa na taarab hashtushwi na wimbo mrefu wenye makuu. Toleo la kwenye albamu la "Total Eclipse of the Heart" linakaribia dakika saba. Kwenye redio za kigeni ilibidi likatwe. Mwambie mwanamke wa Mji wa Kale kwamba dakika saba za kulalamikia mapenzi ni nyingi, atakucheka. Kwenye taarab mwimbaji anazunguka, anarudi, anakushika, na msikilizaji anainuka na noti yake kwenda kumtunza pale hasa neno lilipomgusa. Usiku mmoja nimeshaanza kupona, mama wa makamo aliyevaa buibui, amekuja na wanawe kwenye chakula cha jioni, aliinuka katikati ya kiitikio cha Jennifer Rush, akaja mpaka jukwaani bila kuona haya, akaniwekea noti ya mia tano mkononi, akanishika kidevu, akarudi kukaa. Watalii wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Neno la Kiingereza sijui kama alilielewa. Alijua wimbo umefika wapi.

Tukiwa kwa Jennifer Rush, onyo moja. Usiutangaze wimbo ule kuwa ni wa Celine Dion. Vijana wetu wanaujua kwa toleo la Celine la 1993, lakini mwenyewe, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, aliutoa katikati ya miaka ya themanini, na mwaka 1985 ndio uliouzwa kuliko nyimbo zote Uingereza. Mjerumani wa umri fulani atakusahihisha mbele za watu. Aliyenisahihisha mimi alikuwa bibi mmoja mwembamba, mpole sana, aliyengoja mpaka mapumziko, akanieleza kwa kirefu, na kuanzia siku hiyo akawa anakaa meza ya mbele kuhakikisha.

Niliporudi kuimba seti nzima tulikuwa tumebadilisha mpangilio, na huo ndio ninaowapa wanaoniuliza. Baladi mbili haziwekwi pamoja. Sababu ya kwanza ni koo. Ya pili ni kwamba ya pili inaifuta ya kwanza: ukishawainua watu mpaka juu ya paa, ukianza tena na kinanda cha taratibu wanaona unawachezea. Baada ya baladi tunapiga rumba, mpiga gita anafanya kazi, mimi nakunywa maji na kutikisa kayamba. Baladi nzito tunaiweka robo ya mwisho ya seti ya pili, watu wameshashiba na watoto wamelala kwenye viti. Saa mbili usiku ni kupoteza wimbo. Mgeni bado anatafuta saladi.

Baadhi ya nyimbo hizi hupandishwa zima-zima karibu na mwisho, kiitikio kinarudiwa juu zaidi. Kwenye santuri inasisimua. Kwenye usiku wako wa nne wa wiki ni hatari, na hakuna sheria inayokulazimisha. Sisi tunaacha kupandisha, badala yake bendi nzima inanyamaza ghafla na kiitikio kinaimbwa na watu na kinanda peke yake, kisha dramu zinarudi. Mpiga dramu anaipenda sehemu hiyo kupita kiasi, na lazima azuiwe.

Ombi likija la wimbo usiouweza, usiseme huujui. Mgeni ataanza kukuimbia. Sema unao kwa kesho, halafu kesho muwekee wa jirani yake: akitaka Heart mpe Foreigner, akitaka Whitney Houston mpe Jennifer Rush. Mara nyingi hataki wimbo ule hasa. Anataka ule wakati ambao dramu zinaingia. Asiyekubali kubadilishiwa ni mtu wa Air Supply. Huyo ana kumbukumbu yake maalumu, ana tarehe na mahali, na lazima apewe uleule. Kwa hiyo jifunze angalau mmoja wao mapema. "Making Love Out of Nothing at All" ni wa Steinman pia, na Oktoba 1983 "Total Eclipse of the Heart" na huu zilishika nafasi ya kwanza na ya pili Marekani kwa wakati mmoja. Ni mrefu, una maneno mengi kuliko mahubiri, na ukisahau ubeti wa pili hakuna pa kujificha. Mimi naweka karatasi sakafuni, chini ya kikombe cha maji ili upepo usiichukue.